Usalama wa mtaa ni mtaji, tusiununue kila mtu peke yake

Kila wiki ukurasa huu huwaletea wasomaji bei za mazao, mwenendo wa shilingi na hali ya hisa. Leo ningependa kuzungumzia gharama ambayo haimo katika orodha yoyote ya bei, ingawa kila mwenye duka katika vitongoji vya Dar es Salaam anailipa. Gharama hiyo ni uhalifu. Hoja yangu ni kwamba tunailipa vibaya: tunatoa fedha nyingi, tunatoa kila mtu kivyake, na tunachopata ni kidogo.

Anayetaka kuiona gharama hiyo aingie mtaa wa ndani huko pembezoni saa 2 usiku, wakati wafanyakazi wanashuka kwenye daladala wakirudi kutoka mjini. Hao ndio wateja wenye fedha mfukoni. Atakuta duka moja limekwisha fungwa, la pili linauza kupitia nondo, na la tatu mwenyewe anafunga huku akitazama huku na huku. Wakala wa fedha za simu ameondoka tangu magharibi, kwa kuwa hataki kuonekana akibeba mauzo ya siku gizani. Hakuna aliyeibiwa jioni hiyo. Hata hivyo mtaa mzima umepata hasara.

Jambo hili si dogo kwa mwekezaji wa kipato cha kawaida. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Ni ongezeko la watu zaidi ya milioni moja katika miaka 10, na wengi wao hawakupata nafasi Kariakoo wala Upanga. Wamejenga na kupanga Kimara, Mbezi, Chanika, Mbagala, Kigamboni na kwingineko pembezoni. Biashara imewafuata huko huko. Mstaafu aliyepata kiinua mgongo chake anajenga fremu mbele ya nyumba yake. Kijana aliyekopa kwenye kikundi anapanga mojawapo na kuanza na mchele, sukari na mafuta ya kula. Mtaji wa watu hao wawili uko nyuma ya mlango mmoja wa chuma.

Kosa langu mwenyewe

Siandiki haya kwa kumnyooshea mtu kidole. Nina fremu mbili katika mtaa mmoja wa pembezoni, nilizozijenga kwa akiba ya miaka mingi. Mmoja wa wapangaji wangu alikuwa mama aliyeuza vitenge na nguo za watoto. Mkutano wa mtaa ulipopitisha mchango wa ulinzi wa shilingi 3,000 kwa mwezi, nilikataa kuutoa. Nilisema kwamba mtunza fedha hajawahi kusoma hesabu mbele ya watu, na hilo lilikuwa kweli. Nilisema pia kwamba fremu zangu zina mageti imara na kufuli nzuri, hivyo simtegemei mtu.

Usiku mmoja wezi walitoboa ukuta wa nyuma. Hawakugusa geti wala kufuli. Mlinzi wa duka la jirani alisikia vishindo, na asubuhi alitueleza bila kuficha kwamba yeye ameajiriwa kulinda duka la tajiri wake, na kwamba kama angeliacha likaibiwa angekatwa mshahara. Sikuwa na la kumjibu. Mimi ndiye niliyesema simtegemei mtu.

Yule mama aliondoa mabaki ya bidhaa zake wiki ile ile. Fremu ilikaa tupu miezi saba. Kodi yake ilikuwa shilingi 90,000 kwa mwezi, kwa hiyo nilipoteza shilingi 630,000. Fedha hizo zingelipa mchango ule wa ulinzi kwa miezi 210, yaani zaidi ya miaka 17. Na hiyo ni hasara yangu mimi mwenye nyumba. Yeye alipoteza mtaji.

Wizi usiokuwamo kitabuni

Lipo jambo jingine. Yule mama hakwenda polisi. Hakuwa na bima, hivyo namba ya RB isingemrudishia kitu. Kwenda kituoni kungemgharimu nauli na siku nzima ya biashara, wakati biashara yenyewe imekwisha poromoka. Kwa hiyo katika vitabu vya Serikali wizi ule haukutokea, na mtaa wetu ulionekana shwari mwezi ule.

Msomaji wa takwimu za uhalifu hana budi kulikumbuka hilo. Idadi ya makosa inayotangazwa ni idadi ya makosa yaliyoripotiwa. Ikishuka, pengine wezi wamepungua, na pengine wananchi wamekata tamaa ya kuripoti. Ikipanda, pengine hali imekuwa mbaya, na pengine kituo kipya kimefunguliwa karibu na watu sasa wanakiamini. Ndiyo maana watafiti huamua pia kwenda nyumba kwa nyumba kuwauliza watu wenyewe. Uchunguzi wa namna hiyo ulifanyika Dar es Salaam mwaka 2000, chini ya mpango wa miji salama wa Umoja wa Mataifa, na uvunjaji wa nyumba ndio uliotia fora miongoni mwa makosa yaliyotajwa na wananchi.

Kwa mfanyabiashara, kunyamaza ni hasara mara mbili. Polisi hupanga doria kwa kufuata taarifa walizo nazo, na mtaa usioripoti huonekana hauhitaji doria. Aidha, kampuni ya bima haiwezi kulipa fidia ya wizi bila taarifa ya polisi. Siku moja mtaa huo huo utaomba kituo kidogo cha polisi, na utaulizwa idadi ya matukio. Utajibu nini?

Hesabu ya kufuli arobaini

Sasa tufanye hesabu, maana wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa hesabu. Namba zifuatazo ni mfano tu, kila mtu aweke za mtaa wake. Tuchukulie mtaa wenye maduka 40. Kila maduka manne yanaajiri mlinzi mmoja wa usiku kwa shilingi 160,000, yaani kila duka linatoa shilingi 40,000 kwa mwezi. Mtaa una walinzi 10 na unatumia shilingi 1,600,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 19,200,000 kwa mwaka.

Ni fedha nyingi, lakini zinanunua nini? Zinanunua watu 10 waliokaa kwenye vigoda, kila mmoja akitazama kufuli nne. Uchochoro wa nyuma hauna mtu. Kona ya kituo cha daladala, ambako wateja wanaporwa simu na mikoba, haina mtu. Mwizi akikuta duka moja lina mlinzi macho, anahamia la pili lenye mlinzi aliyesinzia. Kila mmoja wetu amemnunulia mwizi nauli ya kwenda kwa jirani.

Fedha zile zile zikiwekwa katika mfuko mmoja zingeweza kuajiri walinzi sita kwa shilingi 200,000 kila mmoja, yaani mshahara bora kuliko ule wa awali, na jumla yake ni shilingi 1,200,000. Walinzi hao wangezunguka wawili wawili, mbele na nyuma, wakiwa na filimbi, tochi na namba za simu za wenye maduka wote. Zingebaki shilingi 400,000 kila mwezi kwa ajili ya taa za uchochoroni na matengenezo yake. Hakuna duka lililoongezewa hata shilingi moja.

Tena hapo hatujagusa hasara kubwa zaidi, ambayo ni ya kufunga mapema. Tuseme duka la kawaida lingeuza shilingi 60,000 kati ya saa 2 na saa 4 usiku, na faida yake ni asilimia 10. Hiyo ni shilingi 6,000 kwa siku, au 180,000 kwa mwezi. Kwa maduka 40 ni shilingi 7,200,000 kila mwezi. Tukubali kwamba si mauzo yote yanayopotea, kwani wapo wateja watakaorudi asubuhi. Basi tugawe nusu kwa nusu: zinabaki shilingi 3,600,000 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya gharama yote ya walinzi. Wateja wanaonunua mahitaji yao mjini kabla ya kupanda basi ndio wanaoondoka na faida hiyo. Kibaka hakuichukua. Imechukuliwa na woga.

Woga huo una nguvu kuliko panga. Jioni ya Januari 2, 2015, uvumi kwamba vijana wa kundi lililoitwa Panya Road wanakuja ulitosha kufunga maduka na kuwafanya watu wakimbie katika sehemu nyingi za jiji, pamoja na zile ambazo hazikuvamiwa kabisa. Septemba 2022 jina hilo lilirudi, na safari hiyo haukuwa uvumi: vijana wenye mapanga walivamia nyumba za watu usiku, na huko Kawe mwanafunzi wa chuo aliuawa. Nyakati zote mbili mitaa iliyokuwa na utaratibu wa ulinzi ilijua nani wa kumpigia simu. Mitaa mingine ilibaki kufunga milango na kusubiri kukuche.

Tulikuwa na utaratibu, tukauacha

Wazee wetu hawakuwa wageni wa mambo haya. Mfumo wa mjumbe wa nyumba kumi ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960 ulikuwa wa kisiasa, lakini ulikuwa pia daftari la mtaa. Mgeni aliyelala mtaani alijulikana. Ulipoingia mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, mjumbe alibaki kuwa kiongozi wa chama chake, na mamlaka ya mtaa yakawa ya mwenyekiti na mtendaji. Mabadiliko hayo yalikuwa ya haki, kwani si kila mkazi ni mwanachama wa chama kimoja. Lakini mwenyekiti mmoja hawezi kuwajua watu wote katika mtaa wenye maelfu ya wakazi, ambao wengi wao huhama kila kodi ya miezi sita inapokwisha.

Sungusungu nao walianzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakipambana na wezi wa ng'ombe. Sheria ya mwaka 1989 iliwatambua, na katika miaka ya 1990 utaratibu huo uliletwa mijini. Baadaye ukaja mpango wa polisi jamii, ambao vikundi vyake vya ulinzi shirikishi tunavyo mpaka leo, pamoja na polisi kata. Kwa hiyo hatukosi utaratibu, wala hatukosi sheria.

Tunachokosa ni hesabu. Vikundi vingi vya ulinzi hufa kwa namna moja. Mwezi wa kwanza watu wote wanachanga. Mwezi wa tatu mtu anauliza fedha zimekwenda wapi na anajibiwa kwa ukali. Mwezi wa sita wanaochanga ni wachache, walinzi hawajalipwa, na wale vijana waliokuwa wakilinda wanaanza kusimamisha wapita njia na kuwadai fedha za soda. Hapo mtaa unakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Nilikuwa na haki ya kudai hesabu. Nilikosea nilipoacha kuchanga badala ya kwenda mkutanoni kuzidai. Wanawake wa mtaa huo huo wanaendesha upatu wa fedha nyingi kuliko hizo, mwaka baada ya mwaka, bila mkaguzi wa mahesabu. Siri yao haina uchawi: kila mmoja anajua nani ametoa, nani amepokea na zamu ya nani inafuata. Mfuko wa ulinzi unahitaji hayo hayo. Uwe na stakabadhi kwa kila mchango, na karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe kila mwezi ukutani kwenye ofisi ya mtaa. Mtunza fedha achaguliwe na wachangaji wenyewe. Walinzi waandikishwe kwa mtendaji na wajulikane kituoni, na wenye maduka wachange zaidi ya mama muuza vitumbua, kwa sababu wana zaidi cha kupoteza.

Mwizi ana soko lake

Ndugu wafanyabiashara, hapa naomba tuambiane ukweli. Mwizi haibi vitenge 60 ili avivae. Haibi vioo vya gari, betri au simu ili aviweke kabatini. Anaiba kwa sababu kabla ya jua kuchomoza ana mahali pa kuviuza, na anayevinunua ni mfanyabiashara mwenzetu. Anavipata kwa robo ya bei, hadai risiti, na mchana anavipanga mezani pamoja na bidhaa halali. Kisha jioni anakuja mkutanoni kulalamika kwamba hali ya usalama ni mbaya.

Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai. Lakini hata tukiacha sheria pembeni, ni biashara mbaya. Mwenye kuuza mali ya wizi anamshusha bei mwenzake aliyenunua kihalali na kulipa kodi, na wakati huo huo anamlipa mshahara mtu atakayekuja kutoboa ukuta wa duka lake mwezi ujao. Chama cha wafanyabiashara wa mtaa kinachotaka kupunguza wizi kianze na wanachama wake: asiye na risiti ya mali kubwa aulizwe, na simu isiyo na mwenyewe isinunuliwe.

Ndiyo sababu nyingine inayonifanya nipinge tabia ya kuwapiga na kuwachoma moto vibaka. Kwanza ni mauaji, na wengi wanaouawa hivyo ni vijana wadogo, wengine wakiwa hawana hatia. Pili, maiti haisemi nani alinunua. Umati ukishamaliza kazi yake, mnunuzi wa mali ya wizi anarudi dukani kwake salama, na baada ya wiki amepata kijana mwingine. Kijana aliyefikishwa kituoni akiwa hai anaweza kumtaja.

Kabla hujanunua kiwanja au fremu

Kwa wasomaji wanaotafuta kiwanja au fremu, ushauri wangu ni mfupi. Dalali atakupeleka Jumamosi mchana, wakati kila mtaa ni mzuri. Rudi mwenyewe siku ya kazi saa 3 usiku. Angalia ni maduka mangapi yako wazi na kama wanawake wanatembea peke yao kutoka kituoni. Muulize mwendesha bodaboda kama kuna njia asiyokubali kupita, na kwa nini. Muulize muuza chipsi anafunga saa ngapi, maana yeye ndiye wa mwisho kuondoka na hana sababu ya kukudanganya. Uliza fremu unayoitaka imekaa tupu muda gani na mpangaji wa mwisho alihama kwa sababu gani. Angalia kama nyumba zina namba na njia zina majina, kazi ambayo Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 iliisukuma, kwa kuwa gari la polisi au la zimamoto haliwezi kuiwahi nyumba isiyo na anwani. Mwisho, pita ofisi ya mtaa uone kama kuna karatasi ya hesabu za ulinzi ukutani. Ikiwapo, ongeza bei unayokubali kulipa. Isipokuwapo, punguza.

Serikali haiachiwi iende zake. Taa za barabarani, doria, vituo na magari ya polisi ni wajibu wake, na kodi tunayolipa inatupa haki ya kuvidai. Lakini mtaa unaodai ukiwa na daftari la matukio, mfuko ulio hai na watu waliokubaliana husikilizwa kuliko mtaa wa kufuli arobaini.

Mimi sasa nalipa mchango wangu wa shilingi 3,000, na kila mwisho wa mwezi nakwenda kusoma karatasi ile ukutani, maana hatimaye tumefanikiwa kuifanya ibandikwe. Mpangaji wangu mpya ni fundi cherehani anayefanya kazi hadi saa 4 usiku chini ya taa ya nje ambayo mfuko wa mtaa uliinunua. Majirani wawili nao wameacha kufunga saa 2. Yule mama wa vitenge nimemwambia kwamba fremu ya pili itakuwa wazi mwezi ujao. Amesema atakuja kwanza usiku, aangalie mwenyewe.